Ghasia Hazizuki, Huzushwa

Kila mwaka uingiapo mwezi wa Agosti, nami nikawa navuka feri ya Likoni kurejea kwangu Msambweni, hunijia akilini kitenzi kimoja. Si jina la mtu wala sura ya maiti, ingawa hayo nayo yapo. Ni kitenzi. Nilikisikia barazani mchana wa Alhamisi tarehe 14 Agosti 1997, nikiwa nimeketi na wazee wawili wa mtaa wetu, redio ikiwa juu ya kigoda katikati yetu. Shule zilikuwa zimefungwa muhula wa pili. Tulikwisha kupata fununu kwa madereva wa matatu waliogeuza magari njiani kwamba Likoni hakupitiki. Sasa tulikuwa tukingoja saa saba ili redio ituambie kulikuwa na nini. Redio ikatuambia kwamba ghasia zilikuwa zimezuka.

Mmoja wa wale wazee, ambaye hakusoma zaidi ya chuo cha Kurani, akanigeukia. "Zimezuka, Mwalimu? Kwani ni pepo hizo?" Mwenzake akacheka. Mimi sikucheka, maana nilikuwa nimefundisha sarufi ya Kiswahili kwa miaka kadhaa na sikuwahi kujiuliza swali hilo.

Kwa vijana ambao hawakuwa wamezaliwa, yafaa nieleze yaliyotukia. Usiku wa Jumatano tarehe 13 Agosti 1997 kundi kubwa la vijana lilikivamia kituo cha polisi cha Likoni na kile kidogo kilichokuwa karibu na kivuko. Waliwaua askari sita, wakachukua bunduki zaidi ya arobaini, wakawafungulia mahabusu, kisha wakateketeza majengo na vibanda vya wafanyabiashara. Siku na wiki zilizofuata mashambulizi yalisambaa kuelekea kusini: Ng'ombeni, Tiwi, Ukunda, Diani, hadi pande zetu za Msambweni. Waliolengwa ni wale tuliozoea kuwaita watu wa bara, yaani Waluo, Waluhya, Wakikuyu, Wakamba na wengineo, ambao wengi wao walikuwa wapangaji, wafanyakazi wa hoteli na wachuuzi wa sokoni. Vikaratasi vilitawanywa kuwaonya wahame. Zaidi ya watu mia moja waliuawa, na takriban watu laki moja wakayakimbia makazi yao. Maelfu walijazana katika kiwanja cha kanisa Katoliki la Likoni. Uchaguzi mkuu ulikuwa mlangoni. Ulifanyika tarehe 29 Desemba mwaka uo huo.

Msomaji makini ameona kwamba nami, katika sentensi zile za mwisho, nimeandika "vilitawanywa" na "waliuawa" pasipo kumtaja mtendaji. Mazoea hayatoki upesi.

Turudi kwenye kile kitenzi. Kuzuka hakuhitaji mtendaji. Chemchemi huzuka, upele huzuka, uvumi huzuka, na mzuka, ambao jina lake limetokana na kitenzi hicho hicho, huzuka usiku bila kubisha hodi. Anayesema ghasia zimezuka amekwisha kusema, hata kama hakukusudia, kwamba hakuna aliyezileta. Lakini Kiswahili hakikutunyima njia nyingine. Badilisha sauti moja tu, useme kuzusha, na mara sentensi inadai mtu: ni nani aliyezusha? Yule mzee wa chuoni alilijua hilo bila kufundishwa kauli ya kusababisha.

Lipo na neno "mapigano". Magazeti yote ya wakati ule, ya serikali na yasiyo ya serikali, yaliandika "mapigano ya kikabila ya Likoni". Sisi walimu twajua kiambishi "-an-" kinafanya kazi gani. Kupigana ni watu wawili, kila mmoja akimpiga mwenzake. Je, mwuza mboga aliyetolewa chumbani mwake usiku wa manane na watu wenye mapanga alikuwa akipigana na nani? Yalikuwa mashambulizi, nayo yalikuwa na mshambulizi na mshambuliwa. Neno mapigano liliwagawia lawama sawasawa, nusu kwa aliyechoma na nusu kwa aliyechomewa. Baada ya hapo haikuwa vigumu kwa kiongozi yeyote kusimama jukwaani na kuwasihi "pande zote mbili" zidumishe amani.

Sidai kwamba watangazaji waliketi faraghani wakachagua vitenzi vya kuficha. Wengi wao walikuwa mafundi wa lugha. Mimi mwenyewe nilijifunza matamshi kwao. Tatizo lilikuwa katika mahali walipopata habari na katika mpangilio waliotakiwa kuufuata. Shirika la Utangazaji la Kenya, lililojulikana kama Sauti ya Kenya hadi 1989, lilikuwa chombo cha serikali kwa jina na kwa tabia. Chama cha KANU kilikuwa na gazeti lake, Kenya Times, tangu 1983, na ndugu yake wa Kiswahili, Kenya Leo. Kila aliyekuwa na redio miaka ile anakumbuka jinsi taarifa ya habari ilivyofunguliwa: Mtukufu Rais Daniel arap Moi leo amezindua, amehimiza, ameonya. Nchi iliyokuwa ikiungua ilifuata baadaye, na aghalabu ilifuata kama ushahidi wa lile aliloonya.

Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Rais Moi alikuwa amesema tangu kabla ya mfumo wa vyama vingi kurudishwa mwaka 1991 kwamba mfumo huo utawagawa Wakenya kwa makabila na kuleta umwagaji damu. Damu ilipomwagika, basi, haikusomwa kama jambo la kuchunguzwa, bali kama utabiri uliotimia. Hiyo ndiyo sababu ya kijamii pekee ambayo redio ya serikali iliruhusu isemwe bila woga: mmeutaka upinzani, huu hapa. Msikilizaji wa Lunga Lunga au Kinango, ambaye gazeti lilimfikia likiwa la juzi kama lilimfikia kabisa, hakuwa na cha kulinganishia isipokuwa idhaa za Kiswahili za London na Ujerumani kwa muda mfupi jioni, kama betri ziliruhusu.

Wala Pwani haikuwa ya kwanza. Mashambulizi ya Bonde la Ufa yalianza Oktoba 1991 katika shamba la Meteitei, wilaya ya Nandi, yakaenea wakati wote wa kampeni za 1992. Bunge la chama kimoja lenyewe liliteua kamati ya uchunguzi, ikiongozwa na mbunge wa hapa kwetu Pwani, Kennedy Kiliku wa Changamwe. Kamati hiyo ilipoeleza Septemba 1992 kwamba wakuu wa serikali walikuwa na mkono katika machafuko hayo, Bunge liliikataa ripoti. Mnamo Septemba 1993 serikali ikatangaza Molo, Burnt Forest na Londiani kuwa maeneo ya usalama maalumu, ambako watu wa nje, waandishi wa habari wakiwamo, hawakuruhusiwa kuingia ovyo. Kwa hiyo mwaka 1997 ulipofika, desturi ilikwisha kukomaa. Chumba cha habari kilijua ni maswali gani hayaulizwi.

Basi na tuuulize wenyewe. Je, hapakuwa na sababu za kijamii Kwale? Zilikuwapo tele, na kila mtoto wa hapa alizijua. Sheria ya hatimiliki za ardhi ya mwaka 1908 iliwataka wenyeji wa ukanda wa pwani wathibitishe umiliki wao kwa namna ambayo wakulima wengi wa Kimijikenda hawakuweza, na ardhi waliyoilima ikaandikwa kuwa ya dola au ya watu wengine. Uhuru ulipokuja hati hazikugeuzwa. Tukaendelea kuitwa maskwota katika minazi iliyopandwa na babu zetu. Kisha utalii ukapamba moto, na ploti za ufuo wa Diani zikagawiwa wenye majina. Tume ya Ndung'u ilieleza katika ripoti yake ya 2004 jinsi ardhi za umma zilivyogawanywa nchini kote kama zawadi za kisiasa. Njia za wavuvi kuelekea baharini zikazibwa na kuta. Kiwanda cha sukari cha Ramisi, kilichoajiri watu wa Msambweni kwa miongo kadhaa, kilikufa mwishoni mwa miaka ya themanini, na mashamba ya miwa yakageuka vichaka. Shule zetu zilikuwa chache na matokeo yake dhaifu, na mimi nabeba sehemu yangu katika hilo. Kijana aliyemaliza darasa la nane akakosa karo alikuwa na mambo matatu mbele yake: kukwea mnazi, kuuza vinyago ufuoni huku akifukuzwa na askari wa hoteli, au kuketi.

Nani alilisema hilo redioni kabla ya Agosti 1997? Katika miaka yote niliyosikiliza, sikukumbuka kusikia skwota wa Kwale akihojiwa juu ya ardhi. Nilisikia mawaziri wakifungua hoteli. Lakini moshi wa Likoni ulipopanda, ghafla kila mchambuzi akagundua kwamba Wadigo wana malalamiko. Na hapo, ndugu msomaji, naomba tusimame kidogo, kwa kuwa ndipo penye mtego ambao hata watu wema walinaswa.

Malalamiko yale yalikuwa ya kweli. Lakini kuyataja kwa mara ya kwanza baada ya mauaji, tena yakitajwa kama maelezo kamili ya mauaji, kulikuwa na matokeo mawili mabaya. Kwanza, kila Mdigo mwenye dai la ardhi aligeuzwa mshukiwa. Dai lenyewe likanuka damu. Pili, na hili ndilo zito, waliowakusanya vijana wale walipata pa kujificha. Redio ya serikali ilisema ni wahalifu na wachochezi tu, hakuna sababu nyingine. Magazeti huru yalisema, hapana, sababu ni chuki ya miaka mingi kati ya wenyeji na wageni. Kauli hizo mbili zilionekana kupingana, kumbe zilikubaliana katika jambo moja: zote zilimruka aliyekaa katikati, yaani mtu aliyejua kwamba kuna vijana wenye njaa na uchungu, akawaita, akawaapisha, akawapa ahadi ya ardhi na kazi, akawaelekeza kwa mwuza mboga badala ya kwa mwenye ploti ya ufuoni.

Ukitaka kuona kwamba sisemi kwa dhana, tazama jambo moja tu. Kama hasira ya ardhi ndiyo iliyoongoza mapanga, mbona mapanga hayakuelekea kwenye mashamba makubwa na majumba ya pwani ya wakuu? Yalielekea kwenye vyumba vya kupanga. Mpangaji hana ardhi ya kunyang'anywa. Ana kitu kimoja ambacho kilikuwa na thamani mwaka ule: kadi ya kura, na ilidhaniwa kwamba kura ya mtu wa bara katika Likoni na Kwale ilikuwa ya upinzani.

Mwaka 1998 serikali iliteua tume ya majaji watatu, Akilano Akiwumi, Samuel Bosire na Sarah Ondeyo, kuchunguza machafuko ya kikabila nchini tangu 1991. Tume ilisikiliza mashahidi hadharani. Ikadhihirika kwamba idara ya upelelezi ilikuwa na habari za vijana waliokuwa wakikusanyika katika msitu wa Kaya Bombo kabla ya usiku ule wa Agosti, na kwamba hatua za kuwazuia hazikuchukuliwa ipasavyo. Majina ya wanasiasa, wakiwamo wa chama kilichotawala, yalitajwa. Tume ya Haki za Binadamu ya Kenya, shirika lisilo la serikali, ilikuwa imekwisha kuandika mambo kama hayo mwaka 1997, wakati majivu yangali na joto. Tume ya Akiwumi ilimaliza kazi yake katikati ya 1999. Ripoti ikafungiwa. Ilitolewa kwa umma Oktoba 2002, wiki chache kabla ya Moi kuondoka madarakani, tena ikiandamana na maandishi ya serikali ya kuipinga. Miaka mitatu ni muda mrefu kwa taarifa ya habari. Ilipotoka, nchi ilikuwa ikizungumzia Rainbow, na sidhani kama mwanafunzi wangu mmoja aliijua.

Nimetaja Kaya Bombo. Hapo pana dhuluma nyingine iliyofanywa na vichwa vya habari, na sijaona ikijadiliwa vya kutosha. Kaya ni makao ya asili ya Mijikenda, misitu iliyolindwa na wazee kwa vizazi, mahali pa maombi na makaburi, ambapo hata tawi kavu haliokotwi bila idhini. Misitu hiyo ilianza kuhifadhiwa kisheria kuwa kumbukumbu za taifa mwaka 1992, na mwaka 2008 kundi la kaya, Kaya Kinondo ya karibu na Diani ikiwamo, likaingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Lakini baada ya 1997, kwa msomaji wa Nairobi neno kaya lilikuwa na maana moja: pango la wauaji. Wazee walioitunza misitu kwa karne nyingi wakawa "washirikina wa kaya" katika kalamu za watu ambao hawajawahi kukanyaga Waa. Vikosi vya usalama vilipoingia vijijini, vilimtendea kila kijana wa Kidigo kama aliyetoka msituni. Mashirika ya haki yaliandika habari za watu waliopigwa na kuteswa vizuizini katika msako ule. Kwa taarifa rasmi hiyo ilikuwa "operesheni", neno linalotukumbusha daktari.

Nao ukurasa wa kwanza, je? Ukurasa wa kwanza ulikuwa na wasiwasi wa watalii. Safari zilifutwa, vyumba vya Diani vikabaki tupu, hoteli zikafunga milango, na maelfu ya wafanyakazi, wenyeji na wa bara pamoja, wakarudishwa nyumbani. Hasara hiyo ilikuwa ya kweli, sitaki kuidharau. Wajomba zangu wawili walikuwa miongoni mwao. Lakini nilihesabu kwa mapenzi yangu ya uhesabuji: kwa kila habari moja ya mtu aliyelala kiwanjani Likoni na watoto wake, nilikutana na kadhaa za vitanda vya hoteli visivyolaliwa. Ilipokuwa lazima kuchagua, "sura ya nchi" ndiyo iliyokuwa mgonjwa, na waliouawa walikuwa doa usoni pake.

Sasa niungame, kwa sababu mwalimu anayewasema wengine bila kujisema hapendezi. Muhula wa tatu ulipofunguliwa Septemba 1997, daftari langu la mahudhurio la kidato cha tatu lilikuwa na nafasi mbili tupu. Mmoja alikuwa msichana ambaye baba yake, mtu wa bara, alikuwa na kibanda Ukunda. Walikwenda zao na sikumwona tena. Mwingine alikuwa mvulana wa Kidigo aliyechukuliwa katika msako, akarudi baada ya wiki kadhaa, mkono wake wa kulia ukiwa hauwezi kushika kalamu sawasawa. Wanafunzi walinitazama wakingoja niseme neno. Niliwapa insha. Niliwaambia waandike taarifa ya habari juu ya "machafuko yaliyozuka katika eneo letu", na nikawafundisha, kama nilivyofundishwa, kwamba taarifa nzuri haina hisia na haimlaumu mtu. Walioniiga vizuri walipata alama nyingi. Yule mvulana aliandika mistari minne kwa mkono wa kushoto, na sentensi yake ya kwanza ilikuwa na jina la mtu. Nililikata jina kwa wino mwekundu, nikaandika pembeni: "Epuka majina."

Huenda msomaji akanitetea, akisema nilifanya busara. Na kweli hoja hiyo ina uzito. Miaka mitatu tu kabla ya hapo, mwaka 1994, redio ya RTLM huko Rwanda ilisoma majina ya watu hewani, na waliotajwa waliuawa. Mahakama ya kimataifa ya Arusha iliwahukumu wakuu wa vyombo vya habari kwa hilo Desemba 2003. Hata kwetu, baada ya uchaguzi wa 2007, mtangazaji wa kituo cha lugha ya mama alifikishwa The Hague, ingawa kesi ilikomeshwa Aprili 2016. Vituo visivyo vya serikali navyo vinaweza kuwasha kiberiti, tena kwa lugha tamu ya nyumbani. Kwa hiyo mhariri anayesita kutaja kabila la aliyechoma nyumba hakosei. Lakini kusita huko kumetumiwa kufunika jambo jingine kabisa. Kutotaja kabila la mchomaji ni tahadhari. Kutotaja aliyemlipa mchomaji, hali jina lake limo katika ushahidi uliotolewa mbele ya majaji, si tahadhari tena. RTLM ilitaja majina ya wanyonge ili wenye nguvu wawafikie. Sisi tuliyaficha majina ya wenye nguvu, kisha tukajisifu kwamba hatufanani na RTLM.

Wengine wataniambia kwamba hayo ni ya zamani, kwamba tangu hapo tumepata redio kila kijiji na Katiba ya 2010, ambayo kifungu chake cha 34 kinaikataza serikali kuingilia vyombo vya habari na kinavitaka hata vile vya umma viwe huru kuamua habari zao. Ni kweli, na ni hatua kubwa. Lakini tazama jinsi mambo yalivyokwenda. Tarehe 30 Desemba 2007 matokeo ya urais yalitangazwa kupitia chombo cha serikali peke yake, na siku iyo hiyo matangazo ya moja kwa moja yakapigwa marufuku nchini kote. Juni 2014, watu zaidi ya sitini walipouawa Mpeketoni na maeneo ya jirani, Al-Shabaab walidai ni wao, naye Rais Uhuru Kenyatta akalihutubia taifa kusema kwamba yalikuwa mauaji ya kikabila yaliyopangwa na mitandao ya kisiasa ya humu nchini. Mjadala wa ardhi ya Lamu ukafufuka ghafla, kama ule wa Kwale ulivyofufuka juu ya maiti. Tarehe 30 Januari 2018 vituo vikubwa vya televisheni vilizimwa kwa siku kadhaa kwa kutaka kuonyesha kiapo cha Raila Odinga. Tarehe 25 Juni 2025, vijana walipokuwa wakiwakumbuka wenzao waliouawa katika maandamano ya mwaka uliotangulia, Mamlaka ya Mawasiliano iliamuru matangazo ya moja kwa moja yakome, na vituo kadhaa vikakatwa mawimbi hadi Mahakama Kuu ilipoisimamisha amri hiyo.

Siku hizi pia si lazima mawimbi yakatwe. Mwaka 2015 matangazo ya biashara ya wizara na mashirika ya umma yalianza kupitishwa katika ofisi moja ya serikali, na gazeti linalodai malipo ya matangazo hayo hujua kuhesabu. Mhariri hahitaji kupigiwa simu. Hutazama daftari la madeni.

Na msamiati? Uleule. Vijana walipoandamana Nairobi mwaka 2024 na 2025, tulisikia kwamba maandamano "yalitekwa na wahuni". Watu waliobeba rungu na mijeledi walionekana wazi wazi katika picha za simu wakiwapiga waandamanaji, wakati mwingine polisi wakitazama. Taarifa zikaandika "wahuni waliokodiwa". Tumeendelea kidogo, nakiri: mwaka 1997 ghasia zilizuka, na sasa wahuni wamekodiwa, yaani kauli ya kutendwa imekaribia mlango wa mtendaji. Lakini haijabisha. Aliyekodi ni nani? Alilipa kwa fedha gani? Na wale wahuni ni watoto wa nani, walisoma wapi, wamekosa nini hata siku moja ya mtu ikauzwa kwa shilingi chache? Kila mara twapewa nusu moja ya swali. Tukiuliza juu ya umaskini wa kijana, twaambiwa tunatetea uhalifu. Tukiuliza juu ya mlipaji, twaambiwa uchunguzi unaendelea.

Nimebakisha muda mfupi tu kabla ya kustaafu, na mwaka huu niliamua kuirudia ile insha ya 1997, kwa mpango mwingine. Niliwaandikia wanafunzi wa kidato cha nne ubaoni sentensi tatu za aina ile: ghasia zilizuka Likoni, mapigano ya kikabila yaliukumba mji, nyumba zilichomwa na watu wasiojulikana. Nikawataka waziandike upya katika kauli ya kutenda, kila sentensi iwe na kiima ambacho ni mtu, na nikawaonya kwamba hawaruhusiwi kubuni. Darasa lilinyamaza kwa muda mrefu. Wachache walijaribu kuandika "vijana walichoma nyumba", wakaridhika. Msichana mmoja wa Ukunda aliandika "Ghasia za Likoni zilizushwa na", akaacha nafasi ya mistari miwili, kisha akainua mkono.

"Mwalimu, umesema tusibuni. Haya majina yameandikwa wapi?"

Nikamweleza habari za ripoti ya Akiwumi. Akauliza kama iko katika maktaba ya shule. Haiko. Maktaba yetu ina vitabu vya kiada, riwaya za mtihani, na rafu mbili za majarida ya kilimo. Nimemwandikia mwalimu mkuu kumwomba nakala moja ichapishwe kutoka kwenye mtandao na kujaladiwa. Amejibu kwamba ataipeleka hoja hiyo mbele ya bodi. Daftari la yule msichana lingali kwangu, na ile mistari miwili bado mitupu.